Kaka anatuma blaindi za Minnesota, mama anataka upepo

SWALI

Dada, salamu na pole kwa kazi.

Naomba usinicheke. Shida yangu ni ya madirisha, lakini imefika mahali inataka kututenganisha nyumbani.

Mimi ni kitinda mimba wa watoto wanne. Kaka yetu mkubwa yuko Marekani, nje kidogo ya Minneapolis, jimbo la Minnesota, na ni miaka mingi sasa. Karo yangu ya chuo alilipa yeye. Amemjengea mama nyumba hapa Kisumu, huku Riat, pahali ambapo ukisimama mlangoni unaliona ziwa lote. Aliyesimamia mafundi ni mimi. Ramani aliituma yeye, na sharti lake lilikuwa moja: sebule iwe na madirisha makubwa mawili yanayotazama ziwa, yaani magharibi, kutoka karibu na sakafu hadi kwenye linta. Ya alumini, yale ya kusukuma. Fundi aliguna, lakini akafanya alivyoagizwa.

Asubuhi nyumba inapendeza, kila mgeni anapiga picha. Ikifika saa tisa, jua linaingia sebuleni hadi kwenye kabati la vyombo ukutani. Saa kumi ukishika rimoti ya TV unairudisha mezani. Kochi linanata mgongoni. Mama anachukua kigoda chake, anaenda kukaa nyuma ya jikoni kwenye kivuli cha tangi la maji hadi jua lizame. Mtu wa miaka sabini na kitu, amejengewa nyumba na mwanawe, anashinda nje akingoja ipoe!

Kaka alipoona hayo kwenye simu ya video akasema dawa anayo. Kwake ameweka blaindi za kitambaa ambazo ukizitazama kwa ubavu zina vijumba kama sega la nyuki, na zinateremka ndani ya reli zisiache mwanya wowote. Anasema bili yake ya kupasha nyumba joto imeshuka. Anataka nipime madirisha yote ya nyumba, kumi na moja, nimtumie vipimo kabla wiki kuisha kwa sababu kuna rafiki yake anajaza kontena. Na anataka zile za giza totoro, zisizopitisha mwanga hata kidogo. Maneno yake ni haya: "Kama zinazuia baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri, jua la Kisumu ni nini?"

Mama hataki. Anasema hakuhamia nyumba ya vioo ili aishi gizani, anachotaka ni upepo wa ziwa. Mke wangu anasema tuweke AC. Fundi anasema tubandike tinti, ile karatasi ya kupunguza jua kwenye vioo. Dada yetu aliyeolewa Molo amesikia habari hizi na kusema kama watu wa Kisumu hawazitaki, apelekewe yeye, maana baridi ya kule inamtesa na watoto.

Kaka ameanza kusema nampinga, eti nimekua. Nipime au nisipime? Na kama jibu ni nisipime, nitamwambiaje mtu aliyenisomesha kwamba anachotuma hakifai, na kwamba yaliyotuponza ni madirisha aliyoyachora mwenyewe?

Mdogo Mtu, Kisumu

JIBU

Mdogo wangu, weka tepu chini. Wiki hii usipime kitu. Kontena hazijaisha duniani, litapatikana lingine.

Ila usimjibu kaka yako kana kwamba Marekani imemlevya. Kwake, blaindi hizo ni chaguo la mtu aliyefikiri. Januari 2019 Minneapolis ilifika nyuzi 33 chini ya sifuri. Julai ya mji huohuo hupita nyuzi 30, na unyevu juu yake. Nyumba ni ileile, dirisha ni lilelile. Wizara ya Nishati ya Marekani inakadiria kwamba karibu asilimia 30 ya nishati ambayo watu hulipia kupasha nyumba zao joto hupotelea madirishani. Kwa hiyo mtu wa huko akienda kununua pazia, rangi huja mwisho. Anatafuta kitu cha kukaa katikati ya chumba chenye joto na kioo kilichoganda.

Vile vijumba ndivyo vinavyofanya kazi hiyo. Hewa iliyotulia haipitishi joto kwa urahisi. Kitambaa kinaifungia hewa vijumbani isizunguke, na joto la chumba linachelewa kukifikia kioo. Kuna za safu moja ya vijumba na za safu mbili. Penye baridi kali watu huchukua mbili. Reli za pembeni nazo zina maana yake. Zikikosekana, hewa ya chumba hupenya ubavuni, ikigusa kioo inapoa, inakuwa nzito, inateremka na kukutokea miguuni, nawe unaapa kwamba kuna mtu ameacha dirisha wazi. Wizara hiyohiyo inasema blaindi za sega zilizobana vizuri hupunguza joto linalopotelea madirishani kwa asilimia 40 au zaidi wakati wa baridi, na wakati wa joto huweza kupunguza joto la jua linaloingia kwa hadi asilimia 60. Nadhani kaka yako ameshika hiyo 60. Tutaifikia.

Hata huko, blaindi haitundikwi ikasahauliwa. Jua la Desemba kwa kaka yako halipandi. Saa sita mchana liko kwenye pembe ya nyuzi 22 hivi tu juu ya upeo wa macho. Linaingia kwa madirisha ya kusini hadi katikati ya chumba na kupasha nyumba bila bili. Mwenye akili hufungua ya kusini asubuhi, kisha hushusha zote jua likizama, yaani saa kumi na nusu alasiri. Ndiyo, saa kumi na nusu. Juni mambo yanageuka: unashusha mchana, unafungua usiku hewa ipite. Na hilo giza totoro analolisifu lina sababu, maana Juni jua la huko linazama kama saa tatu usiku. Mtoto wa shule utamlaza vipi na jua bado liko dirishani? Kwenu Riat, mwaka mzima saa moja na nusu taa zimewashwa. Mama hana mwanga wa usiku wa kuukimbia.

Zina maudhi yake pia, na yeye anayajua hata kama hajakutajia. Ukiibana blaindi usiku kucha wakati wa baridi, joto la chumba halikifikii kioo, kwa hiyo kioo kinazidi kuwa baridi. Mvuke wa pumzi na wa sufuria unajipenyeza nyuma yake na kugeuka maji. Asubuhi fremu imelowa chepechepe. Usipofungua ikauke, ukungu mweusi unaanza kwenye kona. Tena nyumba nyingi za huko zina matundu ya hewa ya moto sakafuni, chini ya dirisha hasa, na pazia refu likiyafunika hewa yote ya moto inapanda nyuma ya pazia kwenda kupasha kioo. Muulize hayo siku mkiongea kwa amani. Atacheka, na utakuwa umemwonyesha kwamba nyumba yake unaijali.

Sasa rudi Kisumu.

Hapo mlipo ni ikweta, mmeikosa kidogo tu upande wa kusini. Machi na Septemba jua la mchana liko utosini, Juni linaegemea kaskazini, Desemba linaegemea kusini, na kila siku iendayo kwa Mungu linateremkia magharibi, mbele ya sebule ya mama. Mchana nyuzi 29 au 30, usiku 17 au 18, Januari hadi Desemba. Nyumba hiyo haina baridi ya kuzuia. Ina jua la saa tisa hadi saa kumi na mbili, na jua halina tabia za joto la hita.

Mwanga wa jua unapita kioo bila kupiga hodi. Ukigonga kochi, sakafu au rimoti ya mama, unageuka kuwa joto, na joto la namna hiyo halipiti tena kwenye kioo kurudi nje kwa urahisi. Ndiyo maana gari lililofungwa vioo uwanjani pale soko la Kibuye linakuwa vile linavyokuwa. Sasa ukitundika blaindi ndani, jua limeshavuka kioo. Badala ya kugonga kochi linagonga blaindi. Mgongo wake ukiwa mweupe, sehemu ya mwanga inarudishwa nje kabla haijageuka joto. Ukiwa wa rangi nzito, blaindi yenyewe inapata moto na hewa iliyo kati yake na kioo inachemka, halafu polepole inamwagika sebuleni. Kuzuia mwanga na rangi ya mgongo ni mambo mawili tofauti. Yako madude ya giza kabisa yenye mgongo mweupe, na yako yenye mgongo wa kahawia. Kaka amekwambia ni za mgongo gani?

Na ile asilimia 60 ina sharti: blaindi iwe imebana pande zote. Hapo ndipo mama yako anaposhinda kesi. Mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji, hewa ya juu ya nchi kavu inapanda, na ya ziwani inakuja kujaza nafasi. Kwa hiyo upepo wa alasiri Kisumu unatoka ziwani. Unaingia kwa dirisha lilelile linaloingiza jua, saa zilezile. Ukilibana kwa reli umepunguza jua na umefukuza upepo, na bila upepo chumba cha nyuzi 29 mtu mzima hakikaliki. Madirisha yenu ya kusukuma yameshawanyima nusu ya hewa, maana ukifungua upande mmoja unafunika mwingine. Mkiongeza reli mtakuwa mmemaliza kazi.

Kuna jingine ambalo mtu wa Minnesota hawezi kulikumbuka: wale wadudu wadogo wa ziwani wanaokuja kama moshi na kufuata taa. Wakiingia kwenye vile vijumba hawatoki, wanafia humo. Kitambaa hicho hakifuliwi kama shiti, na ukikimulika kutoka nyuma unaona madoa meusi safu kwa safu. Mama atakuwa akipangusa vumbi huku akihesabu maiti.

Dawa ya dirisha la magharibi hapa kwetu inakaa nje ya kioo. Jua lizuiwe kabla halijafika. Nami sitakupa msemo wa wazee, nitakupa hesabu za Wizara ileile anayoiamini kaka: kitambaa cha kivuli kilichofungwa nje, juu ya dirisha, hupunguza joto la jua la kiangazi kwa hadi asilimia 65 kwenye madirisha ya kusini, na hadi asilimia 77 kwenye ya magharibi. Magharibi, mdogo wangu. Dirisha la mama. Hizo zimepigwa kwa nyumba za Marekani na jua la Marekani, lakini kioo hakina uraia.

Sasa usikimbilie kumwambia fundi aongeze paa. Paa peke yake halitoshi upande huo, na hapa nataka uelewe sababu ili mtu asikulie pesa. Saa kumi na nusu jioni Kisumu, jua liko kwenye pembe ya karibu nyuzi 30 juu ya ziwa. Paa lililotokeza sentimita 60 juu ya dirisha, saa hiyo, linashusha kivuli cha sentimita 35 tu. Dirisha lenu lina urefu wa karibu mita 2. Zinazobaki zote ni jua. Veranda ya upana wa mita 2.5 itashusha kivuli karibu mita moja na nusu, ambacho ni kitu kikubwa, lakini ikifika saa kumi na moja na nusu jua linachungulia chini yake. Kwa madirisha ya kaskazini na kusini paa la sentimita 60 linafanya kazi nzuri, maana huko jua linakuja likiwa juu. La magharibi linataka kitu cha kusimama wima.

Kwa hiyo veranda kama pesa ipo, na kwenye ukingo wake mkeka unaoviringishwa. Uko karibu na Dunga, ambako watu wanasuka mafunjo tangu zamani. Agiza mikeka mirefu ya mafunjo, umwambie msukaji asiikaze sana, hewa iweze kupita kati ya nyuzi. Juu funga kwenye mti au bomba, chini weka ufito mzito isipigwe na upepo, na kamba mbili za kuviringishia. Saa nane mama au mjukuu anateremsha, jua likizama anaviringisha na ziwa linarudi pale lilipokuwa. Mkeka ukae mbali na kioo, angalau hatua moja, hewa ya moto ipate pa kutokea juu. Mvua za alasiri zitauozesha, ndiyo, na utasuka mwingine. Ukiuviringisha mapema utakaa zaidi. Na jiko lisikaribie hapo hata kwa dakika moja.

Kama veranda ni ya mwakani, anza na neti ya kivuli, ile wanayofunika vitalu vya miche. Maduka ya dawa za mifugo na mbegu wanayo, imeandikwa asilimia ya mwanga inaouzuia. Fundi wa kuchomelea atakutengenezea fremu ya bomba za mraba inayosimama mbele ya dirisha, na neti ikavutwa juu yake. Haina urembo, lakini upepo unapita na mama bado ataliona ziwa kupitia humo, kwa ukungu kidogo. Mti nao panda leo. Mwembe au mwarobaini, uuweke pembeni kidogo, kusini-magharibi mwa sebule, usije ukaziba mandhari aliyolipia kaka. Utachukua miaka. Ndiyo maana nasema leo.

Tinti ya fundi: ile nyeusi ya kawaida inameza jua na kioo kinapata moto, na siku za mawingu sebule inakuwa pango. Ile ya kung'aa kama kioo cha kujitazamia ni afadhali, lakini usiku taa zikiwaka ndani unajiona mwenyewe badala ya taa za mji. AC ya mke wako itafanya kazi, siwezi kukataa, ila itakuwa inashindana na jua la dirisha zima, na bili ya stima itamfuata mama, si mke wako. Stima ikipotea, je?

Ndani wekeni mapazia, kwa nini msiweke? Jumapili pita Kibuye kwenye mitumba. Marobota ya mapazia huwa na yale ya kizungu yenye mpira mweupe mgongoni. Wengi huyatundika upande mweupe ukitazama chumbani kwa sababu unaonekana safi. Geuzeni, mweupe utazame kioo. Yatoshe chumba cha kulala cha mama na cha wageni, na sebuleni shia nyepesi tu ya kuzuia macho ya wapita njia, juu ya wavu wa mbu uliobanwa vizuri. Halafu, kabla hujatumia hata shilingi, panda darini siku ya jua saa tisa uone kama kuna dari ya maana chini ya mabati. Hukuniambia. Ikiwa ni ubao mwembamba tu, joto lingine linawashukia kutoka huko na madirisha yanasingiziwa.

Sasa kaka.

Usimwandikie insha. Mtu aliyelea wadogo zake akiwa mbali anasikia "hapana" kama "hatukuhitaji tena". Fanya jaribio, na mtoa matokeo awe mama. Madirisha ya sebule ni mawili. Moja tundika mkeka nje, wa kuazima, hata ukifungwa na kamba ya katani. La pili tundika shiti nzito ndani, ibane vizuri pembeni kwa misumari midogo au tepu, ifanane na mpango wake. Yaache hivyo hadi saa kumi na nusu. Mama aweke kiganja kwenye kioo cha kwanza, kisha aingize mkono nyuma ya shiti kwenye kioo cha pili. Mpigie kaka saa hiyohiyo. Kwake itakuwa asubuhi, saa moja na nusu au saa mbili na nusu kulingana na msimu wao wa kusogeza saa, kabla hajaingia kazini au akitoka zamu. Usiseme neno. Mama akisema "huku kunaungua, huku hapana", umemaliza.

Kisha mpe kitu cha kufanya, maana pesa yake ilikuwa inatafuta pa kwenda. Mwambie: kaka, gharama ya blaindi kumi na moja na nafasi ya kontena tuifanye veranda, utachagua sakafu wewe. Kuhusu madirisha aliyoyachora, wala usiyataje. Mandhari ni mazuri kweli, mama mwenyewe anakaa pale asubuhi. Akija Desemba, mkae naye hapo verandani, mkeka ukiwa chini, achore mwenyewe hesabu yake kichwani.

Na dada yenu wa Molo? Huyo ana haki. Molo iko karibu mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai kipimo kinashuka chini ya nyuzi 10. Nyumba inayopoteza joto usiku na kupata jua zuri mchana ni nyumba ambayo kaka anaielewa kuliko mimi na wewe. Blaindi zake zitafaa huko, za safu moja zinatosha, vyumba vya kulala kwanza. Lakini kabla ya blaindi azibe nyufa kati ya fremu na ukuta, na mwanya chini ya mlango, kwa kuwa blaindi haizuii upepo unaopigia kwenye ufa. Azifungue asubuhi kioo kikauke na jua liingie, azishushe jioni. Aombe zisizo na kamba ya kuning'inia: kamba hizo zimenyonga watoto wadogo, na ndiyo sababu viwanda vya Marekani vimekuwa vikiziondoa. Halafu hili mwambie kwa simu, usimtumie ujumbe: nyumba ikishabanwa nyufa, jiko la makaa lisilale ndani hata likiwa limebaki majivu mekundu tu. Ile hewa yake haina harufu na huua watu usingizini. Tundu la hewa la juu ya dirisha lisizibwe kamwe.

Kwa hiyo tepu yako itafanya kazi, ila Molo. Blaindi ikikaa ndani ya fremu, upana upimwe juu, katikati na chini, kwa sababu mafundi wetu hawanyooshi ukuta kama unavyodhani, na kipimo cha kutuma kwa kaka ni kile kidogo kuliko vyote vitatu. Urefu vilevile, kushoto, katikati na kulia, ila hapo mtume ule mkubwa. Mwambie dada apime kwa milimita, na aandike upana kwanza, kwa maana vipimo vikishageuzwa na kitambaa kikakatwa, hakuna fundi wa Molo atakayekiongeza.